Alama ya Chiriku

Walipoitwa ukumbini, mafundi wa chumba cheupe walijua wanakwenda kusemwa. Kiwandani kwao wito wa ukumbini una maana mbili tu: kuna kazi imeharibika, au kuna mkubwa amefariki. Wakatoka na kofia zao za nailoni kichwani, wakafika mlangoni wakaanza kupishana, kila mmoja anampa mwenzake heshima ya kutangulia. Heshima gani, ulikuwa woga tu.

Mama Chiriku alikaa safu ya nyuma kabisa. Kiuno kilikuwa kinamuuma, na mtu mwenye kiuno kibovu hukaa karibu na mlango.

Sasa hapa tuelewane kwanza. Hawa hawakuwa mafundi wa magauni wala sare za shule. Walikuwa wakishona makoti ya vyombo vinavyorushwa angani. Huko juu, kama hujui, upande mmoja jua linachoma na upande wa pili baridi inaua, na mashine isiyo na koti haichukui muda inakufa. Koti lenyewe ni matabaka ya karatasi laini ya rangi ya dhahabu, nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Hushonwa kwa mkono, na glavu juu, na pumzi umeibana, maana unywele mmoja ukidondokea ndani, kazi yote inafumuliwa. Mama Chiriku alikuwa bingwa wa mikunjo ya mviringo. Kona ikimshinda mtu, wanasema mpelekeeni Mama Chiriku, naye anaipokea huku analalamika kwamba watu wazima na meno yao hawajui kukunja kitambaa.

Kila fundi alikuwa na alama yake. Hiyo ilikuwa sheria ya chumba cheupe: ukimaliza koti, unashona alama yako kwenye pindo la ndani, ili likikutwa na kasoro wajue wa kumfokea. Mmoja alikuwa na samaki, mwingine ufunguo, mwingine herufi za mama yake. Mama Chiriku kwa miaka alikuwa anashona ua dogo. Halafu binti yake akafa, naye akaenda kwa Msimamizi kuomba abadilishe alama.

Binti huyo alikuwa na jina la kwenye cheti, lakini hakuna aliyelitumia. Baba yake anaapa kwamba mtoto alianza kusema kabla hajatambaa. Alikuwa hanyamazi mezani, hanyamazi bafuni, hata usingizini alikuwa na mazungumzo. Wakamwita Chiriku. Homa ilimkuta akiwa darasa la pili, ikamnyamazisha kwa siku chache tu, na nyumba ile haijazoea ukimya mpaka leo. Majirani wakaacha kumwita mama yake Mama Chiriku, wakidhani wanamwonea huruma. Ilimuuma kuliko msiba wenyewe. Akamwambia Msimamizi: nitashona jina lake, na humu ndani mniite hivyohivyo. Msimamizi, mama mmoja mrefu mwenye miwani inayoteleza, akasema sawa, akageuka upande wa dirisha kusafisha miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Koti la kwanza kupata alama ya Chiriku lilikuwa la setilaiti ya mvua, ile iliyokuwa inatazama mawingu na kuwaambia wakulima wapande lini. Ikarushwa. Na kila jioni iliyokuwa haina mawingu, mumewe, ambaye ni kinyozi, alipanda juu ya paa la jengo lao, penye kamba za kuanikia nguo, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaingoja. Ilipita kama nyota inayotembea, polepole, bila kuwayawaya. Kinyozi alikuwa anaisalimia. Anaiambia nani kanyoa mtindo gani, nani kasinzia kwenye kiti akakoroma. Mtu aliyekaa miezi bila kufungua mdomo, akawa anaongea na nyota kama kichaa, na mkewe alikuwa anamshukuru Mungu kwa kichaa hicho. Muda wa kupita alikuwa akiupata kwa mdogo wake, mwanajeshi wa rada, ambaye tangu utotoni wanamwita Kamanda kwa sababu alipenda kuamrisha kuku. Kila wiki Kamanda alimpigia simu: kaka, kesho saa moja na robo, tazama upande wa mnara.

Basi, ukumbini taa zikazimwa. Mkurugenzi akapanda jukwaani akicheka mpaka magego, na mafundi wakapumua. Hakuna aliyekufa. Akasema leo taifa limeingia katika orodha ya wachache, na kwamba wao, mafundi wa sindano, wana mkono wao katika heshima hiyo. Akasema tazameni.

Kwenye skrini likatokea kombora limesimama wima. Halafu kamera ikasogea mpaka kwenye kichwa chake, wakati kifuniko kinaondolewa, na ndani kikaonekana chombo kidogo chenye ncha, kimevaa koti la dhahabu. Mama Chiriku akalijua lile koti kabla akili haijamwambia. Ncha ile ilimtesa mwaka mzima uliopita. Aliikunja, akaifumua, akaikunja tena, akaishia kushona mshono wa kurudi nyuma ambao hakuna mwingine anayeushona. Ukawa unang'aa pale kwenye skrini, mkubwa kuliko mlango. Mwenzake wa pembeni akamfinya paja: si kazi yako hiyo? Akaitikia kwa kichwa, na nitasema ukweli, alijisikia fahari. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja, alijisikia fahari.

Kombora likaondoka kwa moshi. Picha ikabadilika, sasa wanaona yale ambayo chombo chenye ncha kilikuwa kinayaona: weusi mtupu, na katikati doa jeupe. Doa likakua. Likawa punje, likawa kifungo, likawa kitu chenye mabawa mawili ya kunasa jua na tumbo la dhahabu. Halafu picha ikakatika.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mkurugenzi akasema kilichopigwa ni chombo chetu wenyewe, kilichokwisha muda, ile setilaiti yetu ya mvua, ambayo hata katika kufa imelitumikia taifa.

Mama Chiriku alikuwa ameinua mikono kupiga makofi. Ikabaki hewani. Masikio yakaziba kana kwamba kuna mtu kamzamisha kwenye pipa la maji. Aliona midomo ya watu inacheka. Koti la ile setilaiti ya mvua, pindoni mwake, kulikuwa na jina la mwanawe. Na koti la chenye ncha, pindoni mwake, kulikuwa na jina lilelile, kwa uzi uleule, kwa mkono wake huu. Alijaribu kulifikiria jambo hilo likakataa kukaa kichwani.

Walipotoka akamshika Msimamizi mkono kwenye korido.

"Lile koti la ncha, mwaka jana. Ulituambia ni la nini?"

"Sikuwaambia." Msimamizi akasukuma miwani juu. "Si unajua, sindano haiulizi nguo ya nani."

Huo ulikuwa msemo wa chumba chao, wakiusema kila siku kwa mzaha. Michoro inakuja na vipimo, jina la kazi halimo. Unashona, unatia alama, unapokea mwingine. Mama Chiriku mwenyewe alikuwa ameusema mara nyingi kwa wasichana wapya, huku anacheka.

"Naumwa," akasema. "Naomba niende."

Hakungoja jibu. Njia nzima alikuwa na wazo moja tu: afike kwa mumewe kabla habari haijafika, kabla jioni haijaingia, kabla hajapanda paa akakaa kwenye ndoo akingoja kitu ambacho hakipo. Mtu yule alikuwa amerudi kidogo kidogo, kwa uzi mwembamba, na uzi wenyewe ndio huo uliokatwa. Akasahau kuvua kofia ya nailoni. Watu barabarani wakawa wanamtazama, wengine wakidhani katoroka hospitali.

Alisikia kelele za duka la kinyozi kabla hajaona mlango. Dukani mlikuwa mmejaa, televisheni ya ukutani imefunguliwa mpaka mwisho, na mumewe alikuwa anacheka. Anacheka kweli, kwa tumbo, kicheko alichokizika makaburini. Kwenye kiti alikuwa amekaa Kamanda na gwanda lake, shuka shingoni, povu mpaka masikioni, na Kinyozi anamzunguka na wembe akisema leo shujaa ananyolewa bure, na nyie wengine msijipendekeze.

"Mama Chiriku, njoo uone shemeji yako," akasema. "Wamepiga chuma angani. Huyu aliyekuwa anashindwa kumpiga mjusi kwa manati."

Hajui, Mama Chiriku akajiambia. Mbona anashangilia? Akatazama televisheni. Mtangazaji alikuwa anasema "chombo chetu cha zamani" na kutaja namba ndefu. Mvua haikutajwa.

Mzee mmoja kwenye benchi alikuwa anabisha. Anasema vya angani viachwe, huko juu hakuna mpaka wala uzio, ukivunja chako taka zinakwenda kwa kila mtu. Mwingine akamjibu akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zako zimekwisha babu. Watu wakacheka. Kamanda akasema kutoka kwenye povu, kwa uangalifu, maana wembe ulikuwa karibu:

"Babu, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wenzetu wanazo silaha hizi. Vita ikija wataanza kututoboa macho yetu ya angani, simu zitakufa, ndege zitapotea. Ukiwa na panga mlangoni, mwizi anapita nyumba ya pili. Tumelionyesha tu, hatujamkata mtu."

"Shemeji," akasema Mama Chiriku, "mmepiga ipi?"

"Ile kuukuu. Imetangazwa."

"Ina jina."

Macho ya Kamanda kwenye kioo yakakutana na yake, kisha yakashuka kwenye shuka. Hapo ndipo Mama Chiriku alipojua kwamba shemeji yake alijua. Alijua tangu mwanzo. Aliyekuwa anapiga simu kila wiki kumwambia kaka yake atazame upande gani, alikuwa anaifuata nyota ileile kwenye rada kwa kazi nyingine.

"Ipi?" Kinyozi akauliza, bado ana tabasamu.

Alikuwa amepanga kumwambia nyumbani, mlango umefungwa, amemshika mkono. Maneno yakatoka yenyewe.

"Baba Chiriku, ni ya mvua."

Wembe ulikuwa chini ya koo la mdogo wake. Ukasimama pale. Tabasamu lilibaki usoni mwa Kinyozi, limesahaulika, kama taa iliyoachwa inawaka kwenye nyumba iliyohamwa. Kamanda hakumeza mate, hakupumua, alikuwa anamtazama kaka yake kwenye kioo, na povu likaanza kumtiririka shingoni taratibu.

"Ya mvua," Kinyozi akasema.

"Kaka, ilikuwa imekufa. Mashine zake zilishazimwa. Ilikuwa chuma tu kinazunguka."

"Wiki iliyopita ulinipigia simu."

"Nilikupigia."

"Ukaniambia leo saa moja kasorobo. Upande wa mnara."

"Ratiba ilibadilika," Kamanda akasema kwa sauti ndogo, na nadhani hata yeye aliisikia ilivyokuwa aibu.

Kinyozi akauondoa wembe. Akaufuta kwenye taulo, akaukunja, akautia mfukoni, akatoka. Hakuzima hata televisheni. Mama Chiriku akamfuata, na nyuma yao akafuata Kamanda, afisa mzima, shuka shingoni, shavu moja limenyolewa na la pili lina povu. Mtaa wote ulikuwa unashangilia ushindi wake na hakuna aliyethubutu kumpa mkono.

Wakapanda paa. Kinyozi akakaa kwenye ndoo. Jua likazama, shuka za majirani zikapoa kwenye kamba, nyota za kawaida zikatoka moja moja upande wa mnara. Saa moja kasorobo ikafika. Ikapita. Mama Chiriku alikuwa anajua kabisa kwamba hakuna kitu, aliona kwa macho yake picha ikikatika, na bado alikuwa anatazama. Hakuna kilichotembea.

"Imeanguka?" Kinyozi akauliza hatimaye.

"Vipande vingi vitashuka na kuungua," Kamanda akasema. "Mahesabu yetu yalikuwa vishuke vyote."

"Na visivyoshuka?"

Kamanda akajifuta povu kwa ncha ya shuka. "Vingine vimerushwa juu zaidi. Hatukutegemea viwe vingi hivyo. Vitazunguka miaka. Pengine sisi wote hapa tutakuwa hatupo."

"Vikikutana na chombo cha mtu?"

"Vinakwenda kasi kuliko risasi, kaka. Kipande cha ukubwa wa kifungo kinatosha."

"Na kama ndani ya chombo kuna watu?"

Kamanda akainamisha kichwa.

Mama Chiriku aliona kama asiposema sasa, hatasema maisha.

"Baba Chiriku, kuna jingine. Kile kilichoipiga, koti lake nilishona mimi. Sikujua ni la nini, hatuambiwi. Nikatia alama."

"Alama ipi?"

"Ninayo moja tu."

Kinyozi aliangalia kofia ya nailoni ambayo mkewe bado alikuwa nayo kichwani, akanyoosha mkono akaivua, akaikunja vizuri, akampa. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Chiriku hakuwahi kumpiga mtu," akasema. "Unakumbuka? Shuleni walimchoma na kalamu, akaja kunisimulia jioni nzima, nani alianza, nani alishika, kalamu ilikuwa rangi gani. Nikamwambia kesho na wewe mrudishie. Akaniuliza, baba, nikimrudishia nitaongea na nani?" Akatazama upande wa mnara. "Mtoto alikuwa anasema tu. Na nyie mmemchukua mkamtumia kumpiga yeye mwenyewe, na sasa mmemmwaga huko juu apige watoto wa watu."

Kamanda akakaa chini kwenye sakafu ya paa, na gwanda lake lote, akalia. Hakuna aliyembembeleza, na hakuna aliyemfukuza. Walipoteremka, Kinyozi alimwambia mkewe neno moja tu kwenye ngazi.

"Kesho utashona nini?"

"Sijui. Huwa hatuulizi."

Na usiku ule Mama Chiriku aliisikia nyumba ilivyokuwa kimya, akajua mumewe amerudi kule alikokuwa kabla ya nyota. Aliogopa kuliko alivyoogopa ukumbini.

Asubuhi, chumba cheupe kilikuwa na maua mezani, kutoka kwa Mkurugenzi. Mafundi walikuwa wanataniana, wanaitana mashujaa. Mbele ya kiti cha Mama Chiriku tayari palikuwa na mchoro na matabaka ya dhahabu yaliyokatwa. Akautambua mchoro ule bila kuugusa. Ilikuwa ncha ileile.

"Kazi ya haraka," Msimamizi akasema. "Wamefurahi mno, wanataka mengine. Na mkunjo ule wanasema hakuna anayeuweza ila wewe."

Mama Chiriku akakaa. Akavaa glavu. Akatunga uzi kwenye sindano, maana mikono ina mazoea yake. Halafu akainua uso.

"Hili ni la kumpiga nani?"

Mikasi ikanyamaza meza ya jirani, kisha ya pili yake, mpaka chumba chote. Tangu kiwanda kifunguliwe hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo ndani ya chumba kile. Msimamizi akacheka kidogo, cheko la kuomba msaada.

"Mama Chiriku jamani. Sindano haiulizi."

"Sindano haina mtoto."

Miwani ya Msimamizi iliteleza mpaka puani na hakuisukuma. Alitazama mchoro, akaugeuza nyuma, akaugeuza mbele tena. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ya mkubwa wa kazi.

"Sijui," akasema. "Haki ya Mungu, sijui. Miaka yote hii hawajawahi kuniambia hata mimi."

Wasichana wa meza za nyuma wakatazamana. Walikuwa wanaamini kuna mtu anayejua, na mtu huyo walikuwa wanamwona kila siku anasafisha miwani. Mwenye alama ya samaki akaweka mkasi wake chini bila kujua ameuweka.

Mama Chiriku akachomeka sindano kwenye mto wake wa pini, uzi ukiwa bado umo. Akavua glavu, kwanza moja, kisha nyingine, akaziweka juu ya ile dhahabu.

"Basi nenda kaulize," akasema. "Nakungoja hapahapa."

Msimamizi akauchukua mchoro, akatokea kwenye korido, na wakawa wanasikia viatu vyake vikipanda ngazi za ghorofani, ngazi ambazo hakuna fundi aliyewahi kuzipanda bila kuitwa.